Kulipia kila mwezi au kununua mara moja? Uzoefu wangu na programu za kuhariri video

Mimi nahariri video za nyumbani tu: harusi za ndugu, watoto, safari. Kuna miezi mizima siifungui programu kabisa, kisha inapita sherehe moja na simu hazikatiki, kila mtu anaulizia video. Nimetumia programu ya kulipia kila mwezi, nimetumia na ya kununua mara moja. Niwape ninachokijua, hasa kuhusu jambo ambalo matangazo ya pande zote mbili hayaligusi: kazi yako inakuwaje siku ukiacha kulipa.

Nianze na ya mwezi. Ukiwa unaitumia haina ubaya wowote. Unaanza kwa pesa kidogo, toleo jipya linakuja lenyewe, na simu mpya ikija na aina mpya ya faili, programu inaisoma bila ubishi. Shida niliiona baada ya kusitisha malipo. Nilirudi kurekebisha jina lililokosewa mwishoni mwa video ya harusi. Programu ilifunguka vizuri tu, ikaleta dirisha la kuingia kwenye akaunti, na nyuma ya dirisha hilo naiona taimulaini yangu kwa ukungu: vipande vipo, muziki upo, maandishi yapo. Kugusa, hakuna. Video zenyewe zilikuwa salama kwenye diski yangu, lakini pale nilipokata, pale nilipopunguza sauti, rangi ya kila kipande, vyote hivyo vimo ndani ya faili la mradi ambalo halisomwi na programu nyingine. Nikalipia mwezi mzima kwa ajili ya herufi moja.

Tena hiyo bei ya mwezi isome mara mbili. Mara nyingi ni mkataba wa mwaka unaolipwa kwa mafungu, na ukitoka katikati kuna ada. Ni mpango wa namna hiyo uliofanya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani kuifungulia Adobe, kampuni ya programu za picha na video, kesi Juni 2024, ikidai kwamba ada ya kutoka mapema ilifichwa. (Programu iliyonifungia harusi mimi ni ya kampuni nyingine.) Mpango wa mwezi hasa, ule unaouacha wakati wowote, kwa kawaida bei yake iko juu zaidi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme programu ni dola 20 kwa mwezi. DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuhariri video, ina toleo la kulipia liitwalo Studio: dola 295, unalipa mara moja basi. Ukifika mwezi wa 15 umeshalipa 300. Anayehariri kila siku kwa ajili ya wateja hiyo ni gharama ya kazi, inarudi. Sisi wa nyumbani, ndani ya miezi hiyo 15 pengine tumekaa mbele ya programu wikendi chache.

Sasa msidhani nawauzia leseni ya kudumu kwa macho yaliyofumbwa. Ya kwanza niliyonunua ilifanya kazi vizuri mpaka simu za nyumbani zilipoanza kurekodi kwa HEVC, namna mpya ya kubana video, ambayo iPhone ilianza kuitumia mwaka 2017 na iOS 11. Nikiingiza kipande, sauti inasikika, picha ni nyeusi tii. Leseni ilikuwa bado yangu, haijaguswa na mtu, ila dunia iliyoizunguka ilikuwa imehama. Kampuni ikanijibu kwa upole kabisa kwamba toleo linalofuata linasoma HEVC, nalo lina punguzo kwa wateja wa zamani. Sikununua. Nilichukua HandBrake, ambayo ni ya bure, nikawa nageuza vipande kuwa H.264, namna ya zamani ya kubana video, kabla ya kuviingiza. Ukifanya hivyo, chagua kasi ya fremu (idadi ya picha kwa sekunde) isiyobadilika. Video za simu hupanda na kushuka kasi, na programu za zamani hapo ndipo midomo na sauti vinapoachana.

Mfumo endeshi nao una lake. Apple ilipotoa macOS Catalina mwaka 2019, programu zote za biti 32, yaani za muundo wa zamani, ziligoma kufunguka, zikiwemo za kuhariri video ambazo watu walikuwa wamezilipia kihalali. Na ukibadilisha kompyuta, kumbuka kuizima leseni kwenye ile ya zamani kabla hujaifuta. Programu inayotaka kuthibitishwa na seva ya kampuni inategemea seva hiyo iendelee kuwepo, uwe umenunua ama umekodi.

Kati ya hizi mbili siku hizi wamechomeka vitu vingine. Premiere Elements ya Adobe, iliyokuwa ya kununua moja kwa moja, kuanzia toleo la 2025 inauzwa kwa leseni ya miaka mitatu, ikiisha, imeisha. Wengine wanauza leseni ya maisha, halafu ndani yake zana za akili bandia unazilipia kwa pointi. Soma maelezo madogo ya chini kabla hujatoa kadi.

Ninayotumia sasa ni Resolve ya bure. Haigongi nembo juu ya picha, inatoa video hadi Ultra HD (4K) ya fremu 60 kwa sekunde, na kwa harusi za ukoo hilo linatosha na kubaki. Kinachokosekana na ninachokihisi ni kuondoa chenga kwenye picha za usiku, hicho kiko kwenye Studio. Kompyuta dhaifu itaonja joto ya jiwe, maana inataka kadi ya grafiki ya maana. Kwenye Linux toleo la bure halisomi H.264, kwa hiyo watu wa huko, programu za bure Kdenlive au Shotcut hazitawasumbua kama hiyo. Jingine: miradi yake inakaa kwenye hifadhidata, si kama faili la kawaida, na ukiipandisha hifadhidata kwenda toleo jipya, toleo la zamani haliifungui tena. Kila mradi ukiisha nautoa kama faili la .drp na kuliweka pamoja na video zake. Wenye Mac wana Final Cut Pro, iliyouzwa dola 299.99 tangu 2011, na masasisho yake yamekuwa yakija bure miaka yote hiyo. Lakini ya iPad ilipofika 2023 ilikuja kwa malipo ya mwezi.

Ya mwezi ningeirudia kwa kazi moja tu kubwa, kwa mfano kusafisha sauti ya sherehe yenye upepo mwingi. Ningechukua mpango wa mwezi mmoja, nikazima kujirudia kwa malipo siku ileile ya kujiunga (huduma nilizotumia mimi ziliniacha niendelee hadi mwisho wa kipindi nilichokwisha kulipia), na kabla haijafungwa ningetoa video mbili: moja yenye majina na maandishi yote, nyingine isiyo na neno lolote juu yake. Hiyo ya pili, jina likikosewa, programu yoyote ile italiandika upya.