Frequency au The Butterfly Effect, uanze na ipi?

Kama unatafuta muvi ya mtu kugusa ya zamani alafu ya leo yanavurugika, mi nasema anza na Frequency ya 2000. Hakuna mashine wala nini, John ni mpelelezi wa polisi New York mwaka 1999, anawasha redio ya zamani ya marehemu baba ake anajikuta anaongea nae yuko 1969, anamuonya kuhusu moto uliomuua, mzee anapona, kumbe kwa kupona kwake mama ndo anakuja kuuliwa na muuaji wa manesi! Sasa inabidi wamsake huyo mtu wote wawili, kila mmoja kwenye mwaka wake, hapo utakaa wima.

The Butterfly Effect ya 2004 ni nzito zaidi. Evan akisoma daftari zake za zamani anarudi utotoni kurekebisha, akizinduka kila kitu kimebadilika, mara yuko jela mara hana mikono. Inauma ila matukio yanarundikana mno, Frequency inakupa muda wa kuwapenda watu kwanza. Na hiyo Butterfly Effect ina unyanyasaji wa watoto, usiiweke wadogo wakiwepo. Toleo lake la dairekta (alivyoikata dairekta mwenyewe) mwisho wake mchungu kuliko wa lile lililoonyeshwa kwenye majumba ya sinema.