Kipande cha Pai ya Matunda Mjini: Pa Kuanzia na Pa Kupita Tu

Anayetafuta kipande kizuri cha pai ya matunda mjini huanza kwa kuuliza ni tunda gani, ilhali swali la kwanza lingepaswa kuwa pai imeokwa wapi na lini. Ganda la pai ni unga, mafuta, maji na chumvi kidogo, na wepesi wake hutokana na vipande vidogo vya mafuta baridi ambavyo huyeyuka ndani ya oveni na kuacha nafasi, huku mvuke ukiinua tabaka moja juu ya jingine. Mara pai inapotoka motoni, maji ya matunda huanza kulilowesha ganda la chini. Kwa sababu hiyo nimewapanga wauzaji kwa kuangalia, kwanza kabisa, ukaribu wao na oveni.

Nafasi ya kwanza naipa bekari inayooka pai zake yenyewe kila siku. Usiende alfajiri kama unayefuata mkate: pai huhitaji saa tatu au nne za kupoa ili wanga ulioongezwa kwenye matunda ushike, na ikikatwa ingali moto humwagika kwenye sahani kama mchuzi. Alasiri ndiyo saa yake. Mwombe muuzaji akiinue kipande ulione ganda la chini, kwa maana hapo ndipo pai nyingi huumbuka. Likiwa jeupe na lenye unyevunyevu, halikuiva, hata kama juu pamependeza. Utomvu uliochemka ukapenya kwenye matundu ya juu na kukaukia pale ni dalili njema, ingawa wengine huuona kuwa uchafu, kwa kuwa unaonyesha kwamba matunda yalitokota na wanga ukaiva usibaki na ladha ya unga mbichi. Uliza pia kuhusu mafuta. Siagi ina ladha isiyo na mpinzani, ilhali mafuta magumu ya mimea hulipa ganda umbo imara na ulaini. Mimi huchagua siagi, na wanaochanganya yote mawili siwalaumu.

Wa pili ni mkahawa mdogo wenye pai mbili au tatu tu kwenye orodha yake. Orodha ya pai kumi na mbili hunitia shaka, kwa sababu ni vigumu zote kumalizika siku ileile. Ikiwa pai huletwa kutoka kwa mwokaji mwingine, hilo si kosa maadamu imeletwa leo. Tatizo kubwa la mikahawa ni maikrowevu, ambayo hulifanya ganda kuwa laini kama kitambaa kilicholoa. Omba kipande chako kipashwe katika oveni yenye nyuzi 180 za Selsiasi kwa takriban dakika kumi, au ukile kilivyo.

Mpishi wa nyumbani anayeoka kwa oda anaweza kuwashinda wote hao, lakini namweka wa tatu kwa sababu huuza pai nzima, mara nyingi yenye upana wa sentimita 23 hivi, na wewe ulitaka kipande.

Supamaketi ni ya nne. Katika nchi nyingi viambato huorodheshwa kwa kufuata uzito, kwa hiyo sukari ikitangulia matunda, irudishe rafuni. Afadhali pai nzima iliyogandishwa ikiwa bado mbichi, ambayo utaioka mwenyewe.

Wa mwisho ni kabati la kioo lenye baridi. Pai za maziwa na mayai lazima zikae humo, lakini ya matunda, kwa sukari na uchachu wake, huweza kukaa nje siku mbili bila kuharibika, na baridi ya friji huharakisha kuchakaa kwa ganda. Nimewahi kula kipande cha namna hiyo kilichong'aa kwenye kioo kama kito. Mdomoni kilikuwa jeli tamu juu ya kadibodi.

Kuhusu tunda lenyewe, tufaha ni chaguo salama mwaka mzima, hasa likiwa gumu na chachu kama aina ya Granny Smith, kwani aina ya McIntosh hupondeka likawa kama uji. Cheri chachu hushinda cheri tamu bila ubishi. Pichi na bluberi zina maji mengi, na ganda la juu lililosukwa kama mkeka wenye mianya huzisaidia kutoa mvuke. Nje ya msimu wake, yaliyogandishwa ni bora kuliko mabichi yaliyochoka safarini.

Panapokuwa na pai nzima na nyingine iliyokwisha kukatwa siku hiyohiyo, omba kipande kutoka kwa ile iliyokatwa, kwa sababu ubavu wake ulio wazi utakuonyesha kama matunda yamejaa hadi juu au yameacha pango chini ya ganda.