Miaka miwili na ekseli za Dana 60 chini ya pikapu yangu ya porini

Shafti ya nyuma, ile inayozungusha gurudumu, ilikatika nikipanda mwamba polepole, mwendo wa mtu kutembea. Ukasikika mlio mmoja mkavu, kisha gurudumu likachomoka na ngoma yake ya breki, pikapu ikalala upande. Nilikuwa nimemaliza fedha zote kwenye injini na kuziacha ekseli zilizokuja na gari.

Baadaye nilipiga hesabu ambayo ningepaswa kuianza nayo. Injini yangu ni 1HZ, dizeli ya silinda 6 ya lita 4.2, yenye torki (nguvu ya kuzungusha) ya takriban Nm 285. Gia ya kwanza inaizidisha karibu mara 4.5, gia nzito ya foo-wili mara 2.5, difu (gia za katikati ya ekseli) mara 4.1. Inapita Nm 13,000! Ukiwa umefunga difu ili magurudumu yake mawili yazunguke pamoja, na gurudumu moja liko hewani, sehemu kubwa ya mzigo huo inaangukia shafti moja. Ndiyo maana mwendo mdogo juu ya mawe unaua ekseli kuliko mbio za barabarani.

Nikafunga Dana 60 mbele na nyuma. Gia kubwa ya difu ina kipenyo cha inchi 9.75, na shafti zangu za nyuma zina meno 35 na unene wa inchi 1.5. Lakini kilichonishawishi hasa ni habu za nyuma: uzito wa gari unabebwa na habu na beringi zake, shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Ikikatika, gurudumu linabaki mahali pake. Unachomoa vipande, unarudi nyumbani kwa kuvutwa na magurudumu ya mbele. Kwangu hilo peke yake linatosha kulipia gharama.

Si kwamba haina kasoro. Ni nzito, na kwenye kokoto nyuma inarukaruka ikiwa huna mzigo. Tumbo la difu ni kubwa, kwa hiyo matairi madogo hayafai; mimi nilipanda hadi inchi 37. Kabla ya kununua ya mbele, lala chini uangalie propela shafti inatokea upande gani, kwa sababu difu ikiwa upande wa pili hakuna ujanja wa kuiunganisha vizuri. Na uwiano wa difu mbili lazima ulingane, la sivyo utatafuna gia ukiweka foo-wili kwenye ardhi kavu.

Injini sijaibadilisha na sina mpango huo. Haina haraka mlimani, ila pampu yake ni ya kimakanika, haina kompyuta ya kulowa maji, na inavuta tangu chini. Mkanda wa taiming ubadilishwe kwa wakati bila kubahatisha. Rafiki zangu wananihimiza niongeze turbo. Nimekataa, kwa sababu joto la ziada ndilo linalomaliza injini za aina hii zikisukumwa kupita kiasi.

Jambo dogo la mwisho: mipira ya kupumulia ya difu niliipandisha hadi karibu na boneti. Difu yenye joto ikiingia mtoni ghafla hunyonya maji. Tangu hapo, kila nikitoka kwenye kivuko nafungua boliti kuangalia oili, na sijaiona imegeuka rangi ya maziwa.