Daraja la mikoko la akina mama wa Gazi: nendeni, tano juu ya tano

Semista iliyopita tulienda Gazi, Kwale, pwani ya Kenya, na wenzangu wa chuo, kwenye lile daraja la mbao la akina mama linalopita katikati ya mikoko, nami nawapa tano zote.

Mimi somo la mazingira nimelisoma semista mbili, slaidi nimezikariri, mtihani nimepita vizuri tu. Na bado mjomba alipokuwa anaezeka nyumba mimi ndiye niliyemtafutia boriti za mkoko, wala sikuuliza zimekatwa wapi. Kujua nilijua, lakini haikuwa imeniingia.

Mama aliyetutembeza hakuanza na mambo ya kaboni. Alichuma jani la mchu, aina mojawapo ya mikoko, akatuambia wanangu hebu rambeni, tukaramba, chumvi tupu, kumbe mti unaitolea chumvi majanini. Akatuonyesha mizizi yake ilivyochomoza topeni kama penseli ipate hewa, na mbegu za mkoko zimeshaota zikiwa bado zinaning'inia mtini, ikidondoka moja inaweza kujichoma topeni ikaanza maisha hapohapo. Hapo wote kimya, hata wale wa simu. Ndio sasa akaingia kwenye hesabu: Mikoko Pamoja, mradi wa wanakijiji wa kulinda mikoko, ilianza 2013, hekta 117 zinalindwa, hewa ya kaboni ambayo mikoko inaivuta na kuihifadhi inauzwa kama hati za kaboni, na pesa zinaleta maji na vitabu vya shule Gazi na Makongeni. Ukimsikia mtu anayeishi hapo akikwambia hivyo ni tofauti kabisa na kuisoma kwa slaidi.

Kilichoniuma ni mpango wetu wenyewe wa chuo, walitupa masaa mawili tu na basi likafika maji yashaanza kujaa, kupanda miche hatukupanda. Walekcha naomba muulizie maji kupwa kabla ya kupanga siku, na kama inawezekana watu walale huko. Vaeni viatu msivyovionea huruma. Chakula agizeni mapema, wali wa nazi na samaki tulikula hadi tukasahau basi.

Si wote tuliobadilika, chupa za plastiki niliziona zikitupwa dirishani njia ya kurudi na iliniuma sana. Lakini wawili wetu wamesharudi Gazi kwa nauli yao kupanda, na mimi usiku uleule nilimpigia mjomba. Banda la nyuma anaezeka kwa miti ya mvinje badala ya mikoko, na mimi ndiye naenda kumtafutia.