TAHADHARI: Sampuli ni ambari ya kweli, bonge ni nta

Wanunuzi wa ambari wa Unguja, Pemba, Mombasa na Dar, pamoja na ndugu walioko Muscat na Dubai: kuna mzigo wa ambari, lile bonge litokalo utumboni mwa nyangumi na kutumiwa kwenye manukato, unazungushwa kwenye makundi ya WhatsApp na Facebook kwa mbinu moja, na wanaoingia mkenge si wageni wa biashara. Wanaoliwa zaidi ni wale wanaoijua sindano ya moto, yaani kuigusisha ambari sindano iliyopashwa na kuona inavyoyeyuka, na kuiamini kupita kiasi.

Mambo yanakwenda hivi. Muuzaji anakutumia kwanza kipande kidogo, gramu tatu au tano. Hicho ni ambari kweli, tena safi: kijivu, kikavu, chepesi mkononi. Unakichoma sindano, kinakubali. Unampelekea muuza manukato mwenye pua yake, naye anakubali. Baadaye linakuja bonge la kilo moja na ushee, limeviringishwa kitambaa, likiwa na sharti moja: lisikatwe, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya analitaka zima. Ndani ya bonge hilo mna nta ya mshumaa iliyochanganywa na unga wa mkaa. Juu limepakwa ganda la ambari nyeusi ya daraja la chini, unene wa kidole hivi, na midomo ya ngisi, ambayo hukutwa ndani ya ambari halisi, imebandikwa hapa na pale. Sindano ya kushonea haifiki mbali. Inaishia ndani ya ganda, na ganda linajibu vizuri.

Sharti la kutokata ndilo la kwanza kukukimbiza. Ambari huuzwa kwa gramu, na ikifika kwa mtengeneza manukato itasagwa iwe unga kabla ya kuzamishwa kwenye alkoholi. Bonge likikatwa katikati haliharibiki, linajieleza. Mwenye mali halisi hukuachia msumeno mwenyewe, maana akishaonyesha moyo wa bonge lake ndipo bei inapopanda.

Basi kata. Tumia msumeno wa chuma wenye meno madogo, si panga, kwa kuwa panga hupasua na kumwaga vipande chini. Tandika karatasi nyeupe, unga wote unaodondoka ni pesa na pia ndio utakaoupima. Ukilifungua bonge tazama mambo mawili. La kwanza ni tabaka. Ambari hujengeka polepole ndani ya utumbo wa yule nyangumi mwenye kichwa kama sanduku anayeishi kwa kula ngisi, kwa hiyo mara nyingi utaona tabaka juu ya tabaka kama kitunguu, nyingine nyeusi, nyingine kahawia, na vidoa vyeupe au vya kijivu kati yake. Nta iliyomiminwa kwenye chombo ina rangi moja tangu ukingoni hadi katikati, na ukitazama vizuri utaona vipovu vya hewa na mstari pale ganda lilipokutana na kiini. Jambo la pili ni midomo ya ngisi: vipande vyeusi vinavyong'aa, vimepinda kama mdomo wa kasuku. Ndani ya ambari vimezama pande zote, vingine vimekatika, vimelala ovyo. Bandia inavyo juu tu. Kuvipata si kazi, kila anayesafisha ngisi sokoni anavitupa.

Sasa sindano, na ichomwe kwenye uso uliokatwa, sehemu tatu: katikati, nusu ya njia, na karibu na ukingo. Pasha sindano kwa kiberiti cha gesi sekunde kumi hadi kumi na tano, kisha iguse ambari na usiikandamize. Ambari huyeyuka kwenye nyuzijoto 60 na kitu, hivyo hulainika papo hapo, ikatoa moshi mweupe mwembamba na kuacha kidimbwi cheusi au cha kahawia kinachong'aa kama lami mbichi. Ngoja kidogo usijiunguze, kisha gusa kwa ncha ya kidole na uvute: hutoka nyuzi zenye mnato. Nta ya mshumaa nayo huyeyuka upesi, ila majimaji yake ni mepesi kama maji, hata yakiwa meusi kwa mkaa, harufu ni ya mshumaa uliozimwa, na ikipoa inateleza kwa mafuta. Plastiki hutoa moshi mkali unaowasha macho. Jiwe jepesi la volkeno lenye matundu, lile wanaloliokota watu ufukweni wakashangilia, halijibu chochote.

Wajanja wameongeza lami kwenye nta, ili kidimbwi kiwe cheusi na nyuzi zivutike. Macho yatadanganyika hapo, pua haidanganyiki: itanuka barabara inayotengenezwa.

Ndiyo maana sindano peke yake haitoshi, na kuelea hakutoshi kabisa. Kila siku mtu anatuma video ya bonge likielea kwenye beseni, na wenzake wanampongeza. Nta inaelea. Shahamu inaelea, na mafuta ya mawese yaliyoganda yakatupwa na meli yanaelea pia, wala si ajabu kuyakuta ufukweni yakiwa mabonge meupe yanayonuka uvundo. Kuelea kunasaidia upande mmoja tu: kitu kikizama kwenye maji ya bahari, karibu hakika si ambari.

Kipimo ambacho wauzaji hawa hawakipendi ni alkoholi, na gharama yake ni ndogo. Chukua gramu moja ya unga wa msumeno kutoka katikati ya bonge, weka kwenye chupa ndogo ya kioo, mimina mililita 30 za alkoholi ya asilimia 95 isiyo na rangi. Zima moto kwanza! Chemsha maji, yaondoe jikoni, ndipo usimamishe chupa ndani yake ikiwa haijakazwa kifuniko, na uitikise mara kwa mara. Ambari huyeyuka pole pole, alkoholi ikageuka rangi ya chai, na chini hubaki mchanga na vipande vya midomo ya ngisi. Nta ya mshumaa haikubaliani na alkoholi: ikipashwa moto itakuwa matone, ikipoa itaganda vipande. Lami nayo hukaa chini kama ilivyo. Kitakachokupita hapa ni utomvu wa miti wa jamii ya ubani, huo unayeyuka vizuri. Dondosha tone kwenye karatasi likauke. Utomvu huacha doa gumu linalong'aa kama vanishi, na kwenye sindano ulishajisema kwa harufu ya chetezo.

Kuhusu harufu, wengi wanakosea kwa kutarajia marashi. Ambari mbichi, nyeusi na laini, inanuka kinyesi cha ng'ombe na pwani wakati wa maji kupwa. Ikikaa baharini miaka mingi ikapigwa na jua na chumvi hugeuka kahawia, kijivu, hata nyeupe, na harufu inatulia: tumbaku, mwani, mbao za jahazi kuukuu, utamu kidogo kwa mbali. Bonge jeusi laini linalonukia udi au miski limepakwa mafuta. Sugua kidogo kwenye karatasi uiache: mafuta ya kupaka yatapungua nguvu, ambari itakuwa bado ipo siku kadhaa baadaye.

Kuna wizi mwingine mdogo ambao hauhitaji hata bandia, nao ni maji. Ambari mbichi ina unyevu, na muuzaji akiilaza kwenye ndoo ya maji ya bahari usiku kucha unanunua maji kwa bei ya ambari. Pima kwa mizani ya sonara inayosoma sehemu ya gramu, iache kwenye karatasi mahali penye hewa na kivuli kwa siku tatu au nne, upime tena, na mkubaliane kulipa uzito wa pili. Akikataa, una jibu. Na wewe unayeikausha usiianike juu ya bati. Bati la saa saba mchana linaweza kufikia joto la kuilainisha, utakuta imeshikana na kutu na mchanga, na thamani yake imepotea. Usiichemshe wala kuiosha kwa sabuni. Ifunge kwa karatasi au kitambaa cha pamba, si mfuko wa plastiki uliokazwa, kwa sababu ikiwa bado na unyevu itaota ukungu.

Neno moja kuhusu majina, kwani linatumiwa kudanganya. Kaharabu ni utomvu wa miti uliogeuka jiwe zamani sana, ndiyo ya tasbihi na shanga. Vile vidonge laini vya manukato vinavyouzwa kwenye vikopo kwa jina la ambari ni mchanganyiko wa utomvu, nta na mafuta ya kunukia. Kama bidhaa havina ubaya, ila havijawahi kumwona nyangumi. Mwenye duka akikuambia "zote ni ambari tu" anakupima akili.

Picha nazo zina hadithi yake. Mwaka 2021 wavuvi wa Yemen walipata bonge la kilo 127 ndani ya mzoga wa nyangumi kwenye Ghuba ya Aden, likaripotiwa kuwa na thamani ya dola milioni 1.5. Ukigawanya ni kama dola 12 kwa gramu. Picha zao zimezagaa mtandaoni na yeyote anaweza kuzipakua. Ukitumiwa picha, omba mpya: bonge pembeni ya karatasi yenye tarehe ya leo na jina lako kwa mkono. Na anayekuuzia "ambari nyeupe" gramu kwa dola moja hakufanyii hisani.

Upande wa pili wa tapeli huyu ni mnunuzi hewa, anayewawinda waokotaji. Anakubali bei bila kubishana, kisha anaomba ada ya maabara, halafu ya kibali, halafu ya bima ya ndege. Ni ile ile "hela tuma kwenye namba hii", imevaa kanzu. Mnunuzi wa kweli analipia vipimo vyake. Anayedai sampuli ya gramu 200 naye anataka mzigo wa bure, gramu moja au mbili zinatosha maabara.

Akikuambia umpelekee Marekani, India au Australia, acha hapo hapo. Chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, ambari iliyookotwa huhesabiwa kinyesi cha mnyama, si kiungo chake, lakini nchi hizo tatu zimeikataza kwa sheria zao, na India polisi hukamata watu na mzigo. Kwingineko, uliza kwanza ofisi ya uvuvi au wanyamapori ya mahali ulipo kabla ya kuitoa nje, na upate jibu la maandishi.

Malipo yafanyike ana kwa ana, baada ya kukata, si kwa simu kabla. Kama umeshatuma pesa, pigia mtandao wako dakika hiyo hiyo muamala uzuiwe kabla hajatoa kwa wakala. Namba ya tapeli itume 15040 kwa walioko Tanzania, au 333 kwa wateja wa Safaricom Kenya. Chati usizifute, na vipande viwili, cha sampuli na cha bonge, vifungwe mbalimbali na kuandikwa tarehe. Polisi watakapouliza ulidanganywaje, vipande hivyo viwili ndivyo vya kuwekwa mezani.