Miezi saba na kisanduku cha kutolea vijiko: uzoefu wangu mgahawani, Mwanga, Kigoma

Nina mgahawa wa meza nane hapa Mwanga. Asubuhi ni chai, supu na chapati; mchana wali, ugali, maharage na samaki wa migebuka. Ugali watu wanakula kwa mkono, lakini wali na supu vinataka kijiko, na siku ya wateja wengi vijiko vyangu sitini vinapita kwenye beseni la kuoshea mara tatu au nne. Kwa miaka mingi nilikuwa naviweka kwenye bakuli la plastiki juu ya kaunta, vimelala ovyo. Mteja anaingiza mkono, anapekua, anachukua kimoja, anakitazama, anakirudisha, anachukua kingine.

Bakuli lile nilianza kulichukia mwaka 2015. Mwezi Mei wakimbizi kutoka Burundi walijazana Kagunga, kijiji cha ziwani karibu na mpaka, kipindupindu kikalipuka, na meli ya Liemba ikawa inawaleta watu huku mjini safari baada ya safari. Sisi wauza chakula tulikaa roho juu. Maji ya kunawa tuliweka, sabuni tuliweka, vyakula tulifunika. Siku moja bwana afya alipita, akasimama mbele ya lile bakuli, akaniuliza, "Mama, mteja akija hapa anashika wapi?" Sikuwa na la kujibu. Kila mkono uliokuwa ukiingia mle ulikuwa unagusa sehemu inayokwenda kinywani mwa mtu mwingine.

Tangu siku hiyo nimejaribu vitu vingi. Kilichonigharimu zaidi ni hiki kisanduku.

Nilikiona kwenye simu, nikaagiza Dar es Salaam kwa shilingi 38,000, mzigo ukaja na basi. Ni boksi la plastiki gumu, urefu kama wa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, lina kioo cha plastiki mbele ili uone vijiko vimebaki vingapi. Unavipanga vimelala, kimoja juu ya kingine, vyote vikielekea upande mmoja. Chini kuna kitenzo cha kubonyeza. Ukibonyeza, kijiko cha chini kabisa kinasukumwa nje, mpini ukitangulia. Unashika mpini, unavuta, kingine kinashuka mahali pake kwa uzito wake. Mkono wako haugusi kijiko cha mtu mwingine hata kimoja.

Wiki ya kwanza nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Wavuvi wanaotoka Kibirizi walikuwa wakiniuliza, "Dada, hiki kinabonyezwa wapi?" nami nawaonyesha. Watoto walikuwa wanawaomba baba zao wawaache wabonyeze wao. Na vijiko vikaacha kupotea, kwa sababu mtu anachukua kimoja, si vitatu.

Shida zilianza polepole. Ya kwanza ni umbo la vijiko. Sahani zangu na vijiko vyangu sikununua siku moja. Vingine ni vizito, vingine vyembamba, vingine vimepinda kwa kukwangulia ukoko. Kisanduku kinataka ndugu wa tumbo moja. Ukichanganya kijiko kinene na chembamba, kinachokaa chini kinakwama mlangoni, na ukibonyeza kwa nguvu vinatoka viwili kwa pamoja au hakitoki hata kimoja. Uma ndiyo kabisa: meno yake yanashikana. Ikabidi ninunue vijiko dazeni tano vya aina moja, gharama ambayo muuzaji hakunitajia.

Ya pili ni maji. Vijiko viwili vikiwa na unyevu vinagandana kama karatasi zilizolowa. Kwa hiyo lazima vikauke kabisa kabla ya kuingia, na saa saba mchana, foleni ikiwa mpaka nje, nani ana muda wa kusubiri vijiko vikauke?

Ya tatu ni ya kwetu hasa, nadhani mtengenezaji hakuwahi kuifikiria. Hapa tunapikia mawese. Maharage ya Kigoma bila mawese mteja anakurudishia sahani. Sasa mawese yakipoa yanaganda, na kijiko kilichooshwa kwa maji ya baridi kinabaki na utando mwembamba usiouona kwa macho ila kwa kidole. Utando ule ulihamia ndani ya kisanduku. Baada ya mwezi mmoja kile kioo cha mbele kilikuwa cha rangi ya chungwa, na rangi hiyo haijatoka mpaka leo, si kwa sabuni, si kwa majivu, si kwa limau. Ile rangi inayoyafanya mawese kuwa mekundu ni ya jamii moja na ya karoti, na plastiki ikiinywa haiitapiki. Lakini rangi ningeivumilia. Lililonitia hofu ni kona za ndani ambako kitambaa hakifiki. Siku nilipokifungua, bisibisi mkononi, nilipitisha kijiti cha mshikaki kwenye mfereji wa kitenzo, kikatoka na tope jekundu lenye harufu ya mafuta yaliyochacha. Nilikaa chini. Kifaa nilichonunua kwa ajili ya usafi kilikuwa na uchafu ambao bakuli langu la zamani halikuwahi kuwa nao, maana bakuli nilikuwa naliosha kila jioni kwa maji ya moto.

Tangu siku hiyo nikawa nakifungua kila Jumapili, nachemsha maji, nasugua kona kwa mswaki wa zamani. Kilipofikisha miezi mitano, springi ya kitenzo ilikatika. Muuzaji akasema kipuri hakuna. Kijana wa kutengeneza redio hapa jirani akanitafutia springi kutoka kwenye kifaa kibovu, ikakubali.

Kwa nyumba ya watu watano sita, wenye vijiko vya aina moja na wasiopikia mawese kila siku, kisanduku hiki ni kizuri na ningekushauri ununue. Kwa mgahawa wa huku kwetu, hapana.

Kinachonifanyia kazi sasa kilitengenezwa sokoni hapa hapa, kwa shilingi 9,000. Nilimfuata fundi bati mmoja mzee, nikamwamkia, nikamchorea kwenye mchanga: makopo matatu ya alumini yaliyounganishwa, kila moja lenye kina cha kufunika nusu ya kijiko, chini matundu, nyuma masikio mawili ya kuning'iniza ukutani. Akaniuliza, "Matundu ya nini, mwanangu, si yatavuja?" Nikamwambia ndiyo ninachotaka, yavuje. Nilimwomba mambo mawili zaidi. Asilehemu kwa madini ya risasi, kwa sababu risasi ni sumu na hiki ni chombo cha chakula. Akaunganisha kwa kukunja bati juu ya bati. Na midomo ya makopo aikunje kwa ndani mara mbili, isimkate mtu. Alipiga matundu kwa msumari kutokea ndani kwenda nje, ili makali yabaki upande wa chini ambako mkono haupiti. Hilo sikumwambia mimi, ni akili yake.

Vijiko vinaingia humo kichwa chini, mpini juu. Kijiko kikitoka kwenye maji ya moto ya kusuuzia, maji yanachuruzika kwenye matundu na upepo wa ziwa unamalizia. Mteja anaona mipini tu, na anashika mpini tu. Jioni nayatungua makopo, nayamwagia maji yanayochemka, nayapindua. Hakuna kona wala springi. Kopo la kwanza vijiko vya wali, la pili vya chai, la tatu uma chache kwa wageni wanaozitaka.

Kwa visu niliweka ukanda wa sumaku ukutani, karibu na meza ya kukatia. Huo nausifu bila kusita. Kisu kinakauka vizuri, hakigongani na vingine kwenye droo, makali yanadumu. Ila kibandike kwa mgongo kwanza, kisha ndiyo ulaze ubapa; ukikibandika kwa makali kinapata mapengo. Usitegemee kunasa vijiko humo. Vijiko vilivyoandikwa 18/10 vina kromiamu asilimia 18 na nikeli asilimia 10, na chuma cha mchanganyiko huo sumaku haikishiki au inakishika kidogo sana. Visu vingi vinashikwa kwa sababu chuma chake ni cha aina nyingine, kigumu, cha kutunza makali. Mimi nilibandika vijiko sita vyangu vizuri, vyote vikaanguka kwenye ndoo ya maganda.

Droo yenye trei ya vigawanyo nilishaiacha zamani. Ni giza, na mende wanapenda giza.

Imebaki miiko na pawa, na hapa nimerudi kwa bibi yangu wa Ujiji. Jikoni kwake kulikuwa na susu, wavu wa kamba ulioning'inia kwenye boriti, ndani yake vyungu vidogo, pawa za kifuu, miiko. Panya haufikii, moshi unaupitia, hewa inazunguka pande zote. Mwiko wa mti ukiuweka ndani ya kopo au droo ukiwa na unyevu, unaota ukungu mweusi kwenye shingo, pale mpini unapokutana na bapa. Yangu miwili ya kusongea ugali niliitupa kwa sababu hiyo. Mwaka huu nilimtafuta mama mmoja anayesuka, akanisukia susu ya kamba ya katani kwa shilingi 6,000. Inaning'inia juu ya dirisha la jikoni. Miiko inakauka ndani ya saa moja, hata msimu wa mvua.

Kisanduku cha Dar es Salaam sikukitupa. Kiko nyumbani, na kimejaa vijiko vidogo vya chai, vyote vya aina moja, vinavyoguswa na sukari tu wala si mawese. Huko hakijakwama hata mara moja. Na yule fundi wa sokoni nimeshampa oda ya makopo mengine manane madogo, moja kwa kila meza, ili mteja asinyanyuke kufuata kijiko wali ukiwa mbele yake unapoa.