Mafuta ya nazi kwa ngozi na nywele katika ukavu wa Dodoma: uzoefu wangu

Aliyekaa Dodoma kuanzia Juni mpaka Agosti anaujua ule upepo. Umetoka kuoga, hujamaliza hata kuvaa, miguu imeshapauka. Midomo inapasuka na visigino vinaota magaga. Kwa hali hii mimi natumia mafuta ya nazi, na nayanunua soko la Majengo kwa mama mmoja anayeletewa kutoka Tanga, yakiwa kwenye chupa za maji za nusu lita.

Miezi ya baridi utayakuta yameganda, meupe kama mshumaa. Wateja wengi hapo huingiwa na wasiwasi. Nami nilimuuliza, "Mama, haya hayajachanganywa kweli?" Akacheka. "Mwanangu, hii ni nazi, ikipigwa na baridi lazima ishike. Yaweke juani uone." Ni kweli: yakifika kama nyuzi joto 24 au 25 yanaanza kuyeyuka, hata kwenye kiganja. Cha kukagua ni harufu. Yawe na harufu ya nazi. Yakinuka uvundo, yaache.

Kwenye ngozi, siri yote ni maji. Mafuta hayaongezi unyevu, yanauzuia usitoke. Ndiyo maana napaka mwili ukiwa bado na majimaji ya kuoga, kidogo tu, nikianzia miguuni. Ukipaka mwili mkavu saa sita mchana utang'aa, lakini ngozi chini itabaki na ukavu wake, na vumbi letu litakuganda.

Ila penye faida kubwa zaidi, kwangu, ni nywele. Nywele zetu za kipilipili zimejikunja, kwa hiyo mafuta ya asili ya kichwani hayafiki nchani, na ncha ndizo zinazokatika. Usiku wa kuamkia siku ya kuosha nafumua, nagawa mafungu, nachota mafuta kiasi cha kijiko cha chai kwa kila fungu, nayayeyusha viganjani, kisha napaka kuanzia nchani kwenda juu. Nafunga kitambaa, nalala. Karibu nusu ya mafuta haya ni asidi ya lauriki, ambayo hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Mafuta ya alizeti, yaliyojaa huku kwetu kutoka Singida na Kongwa, hayana uwezo huo. Hubaki juu juu. Tangu nishike utaratibu huu, chanuo halitoki na vipande vya nywele kama zamani, na msusi wangu hahangaiki kuchambua.

Usoni sishauri kwa kila mtu. Mdogo wangu ana ngozi ya mafuta, alipopaka paji zima likajaa vipele, kwa sababu huziba vitundu vya ngozi. Wala hayazuii jua. Ukitoka mchana, kofia au mtandio bado unauhitaji.